Bawabu wa Mtambo wa Simu



Mwisho wa mwezi, mtu akipita Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara kuu nambari 3 iendayo Rumonge, huviona vibanda vya mawakala wa fedha za simu vimezungukwa na watu, na miongoni mwao hawakosekani waliovaa sare. Mshahara umeingia benki, na sehemu yake yatakiwa ifike Bururi, Ngozi au Cankuzo kabla ya jua kutua: kwa mama mzazi, kwa mke, au kwa ajili ya ada ya mtoto. Askari hutoa noti zake, wakala hubonyeza nyota, tarakimu chache na alama ya reli, na baada ya muda mfupi simu hulia huko mlimani. Jambo hili limekwisha kuwa la kawaida mno, hata hapana aulizaye ni nani aliyeamua kwamba tarakimu hizo zifungue huduma hii na si nyingine, na kwa nini huduma zote zifunguliwazo namna hiyo ni za wenye mtambo wenyewe au za wale waliopatana nao.

Burundi ina makampuni matatu ya simu za mkononi ambayo wananchi wengi huyajua kwa majina. Kuna Onatel, shirika la taifa. Kuna Econet Leo, yenye huduma ya fedha iitwayo EcoKash. Na kuna Lumitel, yenye Lumicash, iliyoanza kazi hapa nchini mwaka 2015. Askari huenda wakapendezwa kusikia kwamba Lumitel ni mtoto wa Viettel, kampuni iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Jeshi lililojifunza mawasiliano msituni leo linauza muda wa maongezi katika nchi kadhaa za Afrika, na huko Tanzania linajulikana kwa jina la Halotel. Makampuni haya yote hutumia masafa ya hewani. Masafa hayo si mali ya kampuni yoyote. Ni mali ya taifa, na kampuni huyatumia kwa leseni chini ya usimamizi wa mamlaka ya mawasiliano, ARCT. Kwa hiyo kampuni ya simu ni mfano wa bawabu aliyepewa lango la njia ya watu wote. Ana haki ya kulipwa kwa kazi yake, kwa kuwa ndiye aliyejenga minara na ndiye anunuaye mafuta ya jenereta umeme unapokatika. Swali ni kama ana haki pia ya kuchagua ni nani apite na mzigo gani.

Hebu ichukuliwe hali ya kijana wa Kanyosha aliyemaliza shule, akajifundisha kutunga programu kwa kompyuta ya kuazima. Anawaona akina mama wauza ndagala wakingoja mzigo wa Rumonge bila kujua bei ya pwani asubuhi ile, na anajua kwamba dereva na tajiri wa mzigo wanaijua. Anataka kutengeneza huduma ndogo: mvuvi au karani wa pwani apeleke bei, na mama wa sokoni aipate kwa kubonyeza tarakimu nne. Mama huyo hana simu ya kioo kikubwa. Ana simu ya vitufe, yenye betri ya siku nne na tochi. Kwa hiyo kijana hawezi kutegemea intaneti; ni lazima apate namba fupi ya ujumbe, au ile njia ya nyota na reli ambayo hufanya kazi katika kila simu ya mkononi, hata iliyo duni kabisa.

Hapo ndipo safari yake inapoanza kuwa ndefu. Namba fupi hutolewa na mamlaka, lakini namba peke yake ni kama bango la nyumba isiyo na mlango, kwani kila kampuni ni lazima ikubali kuifungua katika mtambo wake. Makampuni matatu ni mikataba mitatu, wanasheria watatu, na masharti matatu yasiyofanana. Kuna malipo ya kuunganishwa, kuna malipo ya kila mwezi, na mteja akitozwa kwa huduma, kuna mgawanyo wa mapato. Katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki imekuwa desturi kampuni ya simu kubaki na nusu au zaidi ya pesa inayotozwa kwa ujumbe wa kulipia, kabla mtunga programu hajapata chake. Kijana akifungua katika kampuni moja tu kwa kukosa fedha, nusu ya wauza ndagala hawataipata huduma hiyo, na huduma ya bei isiyofika soko zima haina faida kwa yeyote. Baya kuliko yote ni kungoja. Kampuni kubwa ikichelewa miezi sita kujibu barua haipati hasara yoyote, lakini kijana asiye na mshahara hana miezi sita ya kula bure.

Wako watakaosema: basi na angoje hadi kila mtu apate simu ya intaneti, maana huko hakuna bawabu. Bawabu yupo, ila amebadili koti. Katika nchi nyingi za bara hili makampuni huuza vifurushi vya bei nafuu vya WhatsApp au Facebook peke yake, na huduma nyingine zote hutozwa bei kamili ya data. Mnunuzi maskini hufanya hesabu yake kwa haki kabisa, akanunua kile cha nafuu, na programu ya kijana wa mtaani inabaki upande wa ghali bila mtu yeyote kutamka kwamba imekatazwa. Nchini India jambo hili lilizua mabishano makubwa, na Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipiga marufuku kutoza bei tofauti za data kwa kutazama tu ni tovuti gani inayosomwa. Mpango wa Facebook wa kutoa tovuti chache za bure ukaishia hapo.

Ugomvi huu wa bawabu na mpita njia ni mkongwe kuliko simu ya mkononi, na mojawapo ya visa vyake mashuhuri chamhusu mtu wa redio, jambo ambalo mafundi wa mawasiliano wa jeshi watalielewa upesi. Huko Texas, Marekani, Thomas Carter alitengeneza kifaa kilichoitwa Carterfone. Kilikuwa kama kitanda kidogo cha kulazia mkono wa simu: sauti ya simu ikaingia katika kifaa na kurushwa kwa redio ya upepo, na sauti ya redio ikarudi kwenye simu. Mtu aliyekuwa kazini porini na redio yake akaweza kuzungumza na mtu aliyeketi ofisini mjini. Hapakuwa na waya uliounganishwa wala kifuniko kilichofunguliwa. Hata hivyo kampuni ya AT&T, iliyokuwa na ukiritimba wa simu, ilikataza kifaa chochote kisicho chake kugusana na simu zake, kwa hoja kwamba mtambo wa taifa ungeweza kudhurika. Mwaka 1968 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba katazo hilo halikuwa la haki. Kampuni ingeweza kuzuia kifaa chenye madhara, lakini si kila kifaa kwa sababu tu kimetengenezwa na mwingine. Baada ya uamuzi huo soko la vifaa vya watu wengine lilipanuka: mashine za kupokea ujumbe, mashine za faksi, na vile vifaa vya kuunganisha kompyuta na waya wa simu ambavyo baadaye viliingiza intaneti majumbani. Carter mwenyewe hakuwa na habari ya intaneti. Alitaka kuuza redio.

Wajapani walijifunza somo hilo kwa njia ya biashara. Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya data katika simu za mkononi iliyoitwa i-mode. Kampuni ilikusanya malipo ya wateja kwa niaba ya watunga huduma waliopatana nayo, ikabakiza asilimia 9 tu, na zilizobaki 91 zikaenda kwa watunga huduma. Wasiopatana nayo pia waliruhusiwa kuweka kurasa zao, na mteja akazifikia kwa kuandika anwani. Haikuchukua hata miaka miwili huduma hiyo kupata wateja milioni 10. DoCoMo haikuwa imefanya sadaka. Ilipata fedha kutokana na data iliyopita katika mtambo wake, na kila mtunga huduma aliyefanikiwa alimletea bawabu wapita njia wengine.

Lakini mfano ulio karibu zaidi ni wa Kenya, nao unastahili kutazamwa polepole, maana una mafundisho ya pande zote mbili, na polisi ana lake humo.

Kabla ya kampuni yoyote kubuni huduma ya fedha, wananchi wa kawaida nchini Kenya, Uganda na Botswana walikuwa wamekwisha kuanza kutumiana muda wa maongezi badala ya pesa. Mtu wa mjini alinunua vocha, akawatumia wa kijijini tarakimu zake, nao wakaiuza. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na mengine yanajulikana dunia nzima. Yasiyosimuliwa sana ni yale yaliyowapata watunga programu wa Nairobi katika miaka iliyofuata. Pesa ilikuwa inapita kila dakika mbele ya macho yao, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na mlango rasmi uliokuwa mwepesi kwa programu ya mtu wa nje kuuliza: Je, fulani amelipa? Mitambo yenyewe ya huduma hiyo ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015. Watu wakabuni njia ya panya. Mwenye duka aliweka simu mezani, ujumbe wa malipo ukaingia, na programu ikausoma ujumbe huo kama karani asomavyo risiti, ikaandika kwamba deni limelipwa.

Hapo askari wa upelelezi atakuwa amekwisha kuona hatari. Ujumbe wa simu ni maneno tu. Tapeli anayeweza kumtumia mama mjane ujumbe wa uongo usemao kwamba amepokea faranga elfu hamsini kwa makosa na azirudishe, anaweza vilevile kuitumia programu ujumbe wa uongo ulioandikwa kwa kuiga ule wa kampuni. Programu iliyojengwa kwa haraka haina macho ya kutofautisha, na mjane naye amevamiwa akiwa na shughuli zake. Basi kule kuufunga mlango rasmi, kulikodhaniwa kuwa ni ulinzi, ndiko kulikowasukuma watu kwenye njia isiyo na ulinzi. Mlango rasmi ungejibu kutoka ndani ya mtambo, kwa ufunguo wa siri uliotolewa kwa jina la mtu anayejulikana, na kila swali lingeandikwa katika daftari la mtambo pamoja na saa yake.

Mwaka 2017 Safaricom ilitoa mlango wa namna hiyo kwa jina la Daraja. Mtunga programu aliweza kujiandikisha, akapewa uwanja wa majaribio wa kujaribu kazi yake kwa pesa zisizo za kweli, na akafuata masharti yaliyoandikwa kabla ya kuruhusiwa kugusa pesa za watu. Kati ya kuzinduliwa kwa huduma na kufunguliwa kwa Daraja ilipita miaka 10. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo kulizaliwa kazi kubwa za watu wa nje: M-Kopa, kwa mfano, iliyoanza biashara mwaka 2012, ilikopesha wanavijiji taa za jua zilizolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mtu asipolipa taa hujifunga yenyewe. Lakini miongoni mwa waanzilishi wa M-Kopa alikuwemo Nick Hughes, ambaye ndiye aliyeiongoza kazi ya kubuni M-Pesa akiwa Vodafone. Mtu aliyejenga lango hahitaji kufundishwa njia ya kulipita. Kijana wa Kanyosha, kama wenzake wa Kisumu au Mwanza, hana bahati hiyo, naye anahitaji masharti yaliyobandikwa ukutani ambayo kila mtu anaweza kuyasoma.

Kenya hiyohiyo ililazimika kushughulikia hata mawakala. Kwa muda mrefu wakala wa Safaricom alifungwa na mkataba asihudumie kampuni nyingine. Mshindani alilalamika mbele ya mamlaka ya ushindani, na Julai 2014 kifungo hicho kikaondolewa. Tanzania ilikwenda kwa njia ya mapatano: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016.

Sasa yafaa hoja ya usalama isikilizwe kwa heshima, maana wanaoitoa si wajinga. Kampuni ya simu ina leseni inayoweza kunyang'anywa. Uhalifu ukipita katika namba fupi, wa kwanza kuitwa ofisini ni kampuni, si kijana aliyeikodi. Polisi naye anajua kwamba kila mlango mpya ni mahali papya pa kulinda, na kwamba nchi iliyopita katika vita haiwezi kuchezea mawasiliano yake. Hayo ni kweli. Lakini ulinzi wa kizuizi cha barabarani haupimwi kwa idadi ya magari yaliyorudishwa. Askari mwenye orodha ya yanayokatazwa, anayekagua kila gari kwa utaratibu uleule na kuandika namba yake, hulinda zaidi kuliko yule anayepitisha rafiki na kumrudisha mgeni. Mtunga programu aliyejiandikisha kwa kitambulisho, aliyepewa ufunguo unaoweza kufungwa saa yoyote, ni rahisi zaidi kupatikana kuliko aliyenunua simu tatu sokoni na kuzipanga mezani ili zisome ujumbe. Na ikiwa masharti hayajaandikwa, afisa mpelelezi atamshitaki mtu kwa kuvunja kanuni ipi?

Wako askari waliokwisha kuyaona mambo haya kwa macho yao. Tangu Desemba 2007, kwa muda wa miaka 17 hivi, wanajeshi wa Burundi walitumika Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Huko Mogadishu, katika nchi iliyokuwa karibu haina benki, walikuta watu wakilipia chai, maji na nauli kwa simu, kwa dola, kupitia huduma ya EVC Plus ya kampuni ya Hormuud. Mtu aliyerudi kutoka huko hawezi kuambiwa kwamba shida na vita vinazuia huduma za simu kustawi. Ila pia aliona kwamba huko mtambo, pesa na karibu kila kitu kingine vilikuwa mkononi mwa makampuni machache sana, na mteja asiyeridhika hakuwa na pa kwenda kushitaki.

Burundi ina pa kwenda. ARCT ipo kwa mambo ya mawasiliano, na Benki ya Jamhuri ya Burundi ipo kwa mambo ya malipo. Yanayohitajika hayahitaji minara mipya wala mkopo wa nje: namba fupi moja inayofunguliwa katika mitambo yote mitatu kwa ombi moja; bei ya kuunganishwa iliyochapishwa; muda maalumu ambao kampuni ni lazima ijibu, na ikikataa iandike sababu; na uwanja wa majaribio. Mgawanyo wa mapato waweza kubaki mikononi mwa wafanyabiashara, mradi ujulikane mapema na uwe sawa kwa wote. Makampuni ya binafsi huenda yakavuta miguu, na si ajabu, kwa sababu kila huduma ya mtu wa nje yaweza kesho kushindana na ya kwao.

Lakini taifa lina shirika lake. Onatel haihitaji kungoja washindani wake wakubali, na kwa kuwa haina wateja wengi wa kupoteza kama wengine wanavyodai, ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuwaita vijana kwenye lango lake. Ikiufungua mlango huo kwanza, mama wa ndagala ataweka kadi ya pili katika simu yake ya vitufe, kama wengi wa Kanyosha wanavyofanya tayari, na makampuni mengine mawili yataiona hesabu hiyo mwisho wa mwezi katika vibanda vilevile vya barabara ya Rumonge.